Uso wa Mama, Mtungi wa Mwingine

Mikono yangu haikupewa udongo. Nasema hivi mapema ili usije ukadhani najisifu kwa kazi yangu. Nitajisifu, lakini kwa kazi ya mama. Mitungi niliyojaribu kufinyanga nikiwa msichana iliegemea upande mmoja kama walevi wanaotoka kilabuni, na mama, ambaye hakuwa mtu wa kupoteza kuni, hakukubali hata mmoja uingie motoni. Wa mwisho aliunyanyua, akauzungusha mara moja, akaurudisha kwenye lundo la udongo na kuukanyaga.

"Wewe utauza," akasema.

Hayo ndiyo yalikuwa masomo yangu yote ya biashara.

Basi nikauza. Miaka ile ya hamsini, kila siku ya soko nilishuka kutoka kwetu, juu kidogo ya Nkende, hadi sokoni Tarime, mitungi imefungwa kwa majani makavu ya migomba ndani ya wavu wa kamba. Niliihesabu nyumbani na kuihesabu tena sokoni, kwa sababu katikati ya hesabu hizo mbili palikuwa na mawe, ng'ombe, na watu wanaopenda kusalimiana kwa kukumbatiana. Bei ya mtungi kwetu haikuwa na ubishi: ni ulezi unaoujaza. Mnunuzi alimimina ulezi wake mpaka shingoni, nafaka ikabaki kwangu, mtungi ukaenda kwake. Ubishi ulikuwa juu ya kutikisa. Yeye alimimina polepole ili ulezi ukae na hewa yake, mimi nikautikisa mtungi, ulezi ukashuka, nikamwambia, "Mama, mtungi bado una njaa."

"Wewe binti," angesema, "unautikisa au unaupigia ngoma?"

Kuna jambo moja zaidi la soko lile ambalo lazima ulijue, maana kila kitu kilichotokea baadaye kilitokea kwa sababu yake. Mitungi yetu haikuandikwa jina. Jina lilikuwa shingoni. Udongo ukiwa bado mbichi, mama alichukua kipande cha kamba ya katani iliyosokotwa, akakiviringisha kwa kiganja chake cha kulia kuizunguka shingo ya mtungi, na kamba ikaacha safu ya mistari midogo iliyolala kama mvua ya upepo. Aliweka safu mbili, na katikati yake utepe laini usio na kitu. Mistari yake yote ilipanda kuelekea kulia.

Upande wa Nyamongo palikuwa na mfinyanzi mwingine. Yeye na mama walifundishwa na bibi mmoja, kwa hiyo naye aliweka safu mbili na utepe katikati. Mitungi yao ilikuwa na tumbo lilelile na mdomo uleule. Ila mwenzake alizaliwa mtu wa mkono wa kushoto. Wakwe zake walijaribu kumbadilisha, wakachoka, yeye hakuchoka. Mistari yake ilipanda kuelekea kushoto. Wanawake wa sokoni walifumba macho, wakapitisha kidole gumba shingoni, na kusema, "Wa Nkende," au, "Wa Nyamongo." Nilikuwa nawatangazia wateja wapya kwa sauti kubwa kwamba katika soko hili hakuna mwanamke anayekosea shingo. Nilijivunia sana maneno hayo. Yalikuja kunirudia.

Mama na yule wa Nyamongo hawakuwa na uadui. Walikuwa wakisalimiana kupitia wateja. "Mwambie mwenzangu," mama angesema, "mitungi yake inatoa jasho kama mbebaji mizigo." Jibu lingerudi baada ya soko moja au mawili: "Mwambie na yeye, wa kwake unakaa mkavu kwa sababu hauna urafiki na maji."

Kiangazi kimoja akaja mwanamke wa Kizungu, mgeni wa misheni, mwenye kofia pana na kigoda chake mwenyewe cha kukunja. Mwalimu wa misheni aliyekuwa mkalimani wake alituambia kwamba anachora kazi za mikono za watu wa huku. Alikaa uani kwetu asubuhi nzima akimchora mama. Mama hakusimamisha kazi hata kidogo. Alimchukulia kama manyunyu, yapo lakini hayakuzuii. Mgeni alipoondoka hapo akawachora mhunzi, mchonga mizinga ya nyuki na fundi wa litungu, zeze letu la Kikurya, kisha akaenda Ikoma na Nata kuwachora watengeneza mishale na walainisha ngozi. Njiani alipita Nyamongo, akamchora na yule mfinyanzi mwingine. Halafu akarudi misheni na kuzichonga picha zile juu ya vipande vya mbao kwa patasi ndogo kama sindano, akazipaka wino mweusi na kuzigandamizia karatasi.

Tukasikia kwamba picha zitaonyeshwa Bomani, palepale Tarime, katika ukumbi wa baraza. Kila fundi alete kazi yake moja Ijumaa iwekwe chini ya picha yake, na siku ya Jumamosi asimame hapo, kwa sababu machifu watakuja na bwana mkubwa wa boma atakuwepo.

Nilimwona mama akichagua udongo kama mtu anayechagua mkwe. Alichoma mitungi mitatu ili kupata mmoja. Huo mmoja ukigongwa kwa ukucha ulilia kama kengele ya kanisa. Ukumbi ule wa baraza mama hakuwahi kuukanyaga. Kwetu sisi waliokuwa wakiingia mle ni wazee wa kesi, mashahidi na washitakiwa. Sasa mama yangu angeingia mle asimame kwa ajili ya udongo wake. Nilitembea nyuma yake Ijumaa ile tukishuka Bomani, mtungi umekaa kichwani mwake bila kushikwa, nami nikiwasalimu hata watu nisiowajua ili wapate nafasi ya kuuliza tunakwenda wapi.

Picha zilikuwa zimetundikwa kwenye kuta zote. Nyeusi kwa nyeupe, hakuna rangi nyingine, lakini mhunzi alikuwa anatoka jasho na mivukuto inapumua. Ungeweza kuhesabu nyuki kwenye mzinga. Picha ya mfinyanzi ilikuwa moja tu, na ilikuwa ya mama: alikuwa ukutani katikati, ameketi kwenye kigoda chake cha zamani, ameinama juu ya mtungi, kichwa kimenyolewa, masikioni yamening'inia mapambo kama ya wanawake wote wa rika lake. Chini yake paliandikwa: Mfinyanzi, Tarime. Nilitaka kulia, nikakumbuka kwamba mimi ni mfanyabiashara.

Wanawake wa sokoni walikuwa wameshatangulia. Mmoja, muuza ndizi ambaye kidole gumba chake kilikuwa mahakama ya rufani katika mambo ya shingo, alisogea mpaka pua ikakaribia karatasi.

"Lo! Wa Nyamongo amependeza!"

"Nani wa Nyamongo?" nikamwuliza. "Huyo ni mama. Huyu hapa, amesimama!"

"Shikamoo mama," akamwambia mama kwa heshima zote, kisha akanigeukia. "Mimi sitazami uso. Nyuso zilizoinama ni zilezile. Tazama shingo."

Nikatazama. Safu mbili, utepe katikati. Mistari yote ilikuwa inapanda kushoto. Na kiganja kilichoshika kamba kilikuwa cha kushoto.

Karani wa boma, aliyepewa kazi ya kupanga vitu, alikuwa amekwisha kusikia hukumu ya soko. Alikuwa ameshamtuma tarishi kwa baiskeli kwenda Nyamongo kumwita mwenye picha. Nilimwambia mama yangu alichorwa uani kwetu, nikiwepo.

"Na yule naye alichorwa uani kwake," akasema. "Bibi mchoraji mwenyewe amerudi Ikoma kumalizia kazi, atafika kesho kama mto utamruhusu. Mimi nimwulize nani? Si wewe binti unayepiga kelele sokoni kwamba hakuna mwanamke anayekosea shingo?"

Ni vibaya sana kushindwa na maneno yako mwenyewe, maana unajua yana nguvu kiasi gani.

Mama alikuwa bado anaitazama picha. Akaniambia kwa Kikurya, polepole, "Uso ni wangu. Mtungi si wangu." Halafu akaugeukia mlango. Mtungi wake ulikuwa umewekwa pembeni ya mlango, pamoja na miavuli ya makarani. "Twende nyumbani. Sitasimama chini ya kazi ya mtu mwingine."

Kilichotuzuia ni ile miavuli. Mama hakukubali kuuacha mtungi wake ulale nayo, na kuubeba kupandisha nao mlima hakukubali pia, kwa sababu kila aliyetuona tukishuka angetuona tukipanda. Akaamua tulale na mtungi kwa shangazi yangu, palepale Bomani. Alipokwenda kupumzika huko, mimi nilirudi ukumbini. Nilizihesabu picha, kwa kuwa ndiyo tabia yangu nikikosa la kufanya. Kisha nikazihesabu tena, na safari hii nikahesabu mikono.

Mhunzi ameinua nyundo kwa mkono wa kushoto. Mchonga mizinga, shoka mkono wa kushoto. Mtengeneza mishale wa Ikoma, kisu mkono wa kushoto. Fundi wa litungu anapima nyuzi kwa mkono wa kushoto. Wilaya nzima, kuanzia Tarime mpaka Ikoma, ilikuwa imehamia mkono wa kushoto bila kutuambia.

Mhunzi mwenyewe alikuwa amesimama chini ya picha yake amekunja uso.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeona walivyonifanya? Nikipiga chuma hivyo nitajivunja goti."

Sasa, mzee huyu alikuwa jirani yetu, na kulikuwa na hadithi moja ambayo hakuna aliyethubutu kuitaja mbele yake. Zamani tajiri mmoja wa kwetu alimwagiza chuma cha kuwekea ng'ombe wake chapa, chenye herufi ya kwanza ya jina lake. Mzee akaifua herufi vizuri kabisa, imesimama sawasawa kwenye chuma. Wakakitia motoni, wakawapiga chapa ng'ombe zizi zima, na kila ng'ombe akatoka na herufi inayotazama nyuma. Wale ng'ombe walichungwa pale Nkende miaka mingi. Watoto walijifunza kusoma herufi ile kinyume, na mwalimu akawapiga kwa ajili yake.

"Mzee," nikasema, "unawakumbuka wale ng'ombe?"

"Usinikumbushe."

"Si unaambiwa picha hizi zilichongwa kwenye mbao, halafu zikagandamizwa, kama chuma chako kwenye ngozi?"

Akafungua mdomo kunifukuza. Kisha akaufunga. Akaitazama picha yake, akautazama mkono wake wa kulia, akaitazama picha tena. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda mpaka makarani wakachungulia mlangoni.

"Kumbe hata Wazungu!" akasema akijifuta machozi. "Kumbe hata wao! Mura, nilidhani niko peke yangu duniani!" Mimi si mura, ni msichana, lakini furaha ile ilikuwa haichagui.

Karani alisikiliza habari ya ng'ombe kwa makini, akakubali kwamba inachekesha, na akasema bado si ushahidi. Ilibidi mtu auone mtungi ukirudi upande wake. Nilijua pa kuuonea. Fundi cherehani mmoja wa Bomani, mtu aliyetoka pwani zamani, alikuwa na kioo kirefu cha wateja kujitazama. Lakini ilikuwa Ijumaa mchana na alikuwa msikitini, na baada ya swala hakufungua tena. Nilimkuta asubuhi ya Jumamosi akifagia kibaraza.

"Kioo changu hakitembei, binti yangu. Kimetoka Mwanza kwa lori kimefungwa magodoro."

"Ni hapo tu ukumbini, baba. Machifu wote watajitazama ndani yake. Kesho watakuja kushonesha kanzu."

"Na kikivunjika?"

"Nitakuachia mtungi huu." Nilikuwa nimekuja na mmoja wa ile miwili iliyobaki, niliouagiza kutoka kwetu alfajiri.

"Mtungi nao unavunjika."

"Basi tuko sawa. Kila mmoja atakuwa anaogopa."

Akaugonga kwa ukucha, akasikiliza, akaugonga tena. Nadhani mlio wake ndio uliomshinda, si maneno yangu. Alikibeba kioo yeye mwenyewe, kimefunikwa kanga, akinikataza nisikisogelee.

Tulipofika ukumbini, yule wa Nyamongo alikuwa amewasili. Mwanamke mrefu, mtungi wake kichwani, vumbi mpaka magotini. Wanawake wa sokoni walikuwa wamemzunguka wakimpongeza. Karani alimwonyesha mahali pa kuweka mtungi, chini ya picha. Mama, niliyemweleza usiku habari za ng'ombe, alikuwa mlangoni, amesimama kando ya wa kwake, ambao karani alikuwa ameurudisha kwenye miavuli. Nilitamani kusema neno, lakini mama alinitupia jicho moja nikanyamaza. Alitaka mwenzake aseme kwanza.

Yule mwanamke hakuutua mtungi. Aliitazama picha muda mrefu. Angeweza kuutua tu. Soko zima lilikuwa limeshampa.

"Mtungi ni wangu," akasema. "Mkono ni wangu. Lakini huyu aliyekaa hapa ni nani? Mimi sikai hivi. Mimi nafinyanga nimesimama, nimeinamia udongo. Huyu amekaa kama kuku anayeatamia."

"Afadhali kuku," mama akasema kutoka mlangoni, "kuliko korongo aliyepoteza samaki."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Walikuwa hawajaonana uso kwa uso tangu mazishi ya bibi aliyewafundisha, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza.

"Kumbe upo!" akasema wa Nyamongo. "Basi njoo useme, umeuchukuaje mkono wangu?"

Hapo ndipo fundi cherehani alipoondoa kanga. Alikielekeza kioo kwenye picha, akakiinamisha kidogo kama anavyofanya kwa mteja mfupi. Na ndani ya kioo, mama akawa wa mkono wa kulia. Kamba ilikuwa katika kiganja kilekile nilichokijua. Mistari ya shingo ilipanda kuelekea kulia, safu mbili, utepe katikati.

Muuza ndizi akasogea. Akafumba macho kwa mazoea, akaweka kidole gumba juu ya kioo, akakipitisha.

"Baridi," akasema. Watu wakacheka. Akafumbua macho, akaangalia vizuri. "Wa Nkende."

"Hata mimi naona," akasema wa Nyamongo. "Na kigoda nakifahamu. Ni cha bibi yetu. Alikurithisha wewe, mimi akaniambia nina miguu mirefu, sikihitaji." Akaugeukia mtungi wa mama, akauinua kutoka kwenye miavuli kwa mikono miwili, akaugonga. Ulilia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari njema zisizomhusu. "Usinifanye niuweke mimi," akamwambia mama. "Njoo uuweke mwenyewe."

Mama akauvuka ukumbi ule wa baraza, akauchukua, akauweka chini ya picha. Kisha akausogeza kwa mguu upande mmoja. Nafasi iliyobaki ilitosha mtungi mmoja.

"Na wako," akasema. "Umetembea mbali."

Kwa hiyo machifu walipoingia, walikuta wanawake wawili chini ya picha moja, na kioo cha fundi cherehani katikati yao. Wafinyanzi walieleza kwa zamu, na kila mmoja alimrekebisha mwenzake. Chifu mmoja alipiga magoti na joho lake kupitisha kidole kwenye shingo mbili. Nimewaona machifu wengi sokoni wakipita kama soko halipo. Huyo nilimwona akimwuliza mama swali, na akisubiri jibu. Chini ya picha yake mhunzi alikuwa akiwasimulia watu habari za ng'ombe kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu zitokee.

Mchoraji alifika mchana, matope mpaka kiunoni kwa ajili ya mto. Mkalimani akamweleza. Alishika mashavu kwa mikono miwili. Akasema alijua kwamba karatasi hugeuza kila kitu, ila hakufikiri kwamba huku kuna watu wanaosoma shingo ya mtungi. Akasema atachonga ubao mwingine, ageuze mchoro kwanza, ili mama atoke sawasawa.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Alitazama foleni ya watu mbele ya kioo: machifu, makarani, wanawake wa sokoni, na fundi cherehani akiwapanga.

"Mwambie asihangaike," akasema. "Anayetaka kuniona alete kioo."

Siku ya soko iliyofuata nilishuka na mitungi kama kawaida, nikaihesabu, nikaihesabu tena. Muuza ndizi akaja na ulezi wake. Akafumba macho, akapitisha kidole gumba shingoni.

"Wa karatasi au wa kioo?" akaniuliza.

"Wa kioo," nikasema, nikautikisa mtungi.